Hotuba ya Kufungua Mafundo

Jumamosi moja, baada ya sala ya Alasiri, Bwana Hashil bin Thabit alisimama sebuleni kwake Ibra, Oman, mbele ya kabati la vyombo, akaisoma hotuba yake kwa sauti kwa mara ya kwanza. Alikuwa amevaa kanzu ya nyumbani na kofia, miwani imemteremka puani. Alipofika ukurasa wa tatu, penye neno "Fungueni!", alinyanyua mkono wa kulia kama alivyojiandikia pembeni mwa karatasi. Uani, mbuzi wote wanne wakafunguka kamba. Komeo la geti likarudi nyuma. Jikoni gunia la mchele likaachia uzi wake, kamba ya nguo ikaanguka na shuka zake mbili, na makubadhi yake mwenyewe, yaliyokuwa mlangoni bila mtu ndani yake, yakakatika gidamu.

Mwanamvita, mfanyakazi wa nyumbani, alizima jiko, akatoka kwenda kuwafunga mbuzi.

Bwana Hashil hakukatiza sentensi. Alikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini, akijulikana kwa ulimi wake toka Ibra hadi mji wa Adam, na aliona kuwa aya ile imekaa sawa. Alipomaliza, aliiwekea alama ya vema kwa penseli, kama alivyokuwa akifanya kwenye insha za wanafunzi.

Hotuba yenyewe aliagizwa na Azzan, mwenyekiti wa kamati ya familia zilizorudi kutoka Unguja na Pemba. Kila mwaka familia hizo zilikodi ukumbi wa harusi, zikala biriani na urojo, halafu mzee mmoja akazungumza Kiswahili ili vijana wasikisahau. Wazee hao walizungumzia karafuu, ngoma, na baridi waliyoikuta Oman walipofika na nguo za Unguja. Mwaka huu Azzan alitaka jengine.

"Utumwa, Hashil," alimwambia. "Na kukomeshwa kwake. Wazee wetu walikuwa na mashamba, na wallahi mashamba hayakujilima. Zungumza kama wale waliokuwa wakipanda majukwaani kuupinga. Watu walie kidogo. Haidhuru."

Basi Bwana Hashil akawasoma wapinga utumwa wa zamani, akajifunza kwao mbinu za kazi. Waliwaita wasikilizaji kwa majina yao. Waliuliza swali na hawakungoja jibu, kwa sababu swali la jukwaani likingojewa jibu hupoa kama chai. Walirudia neno moja mpaka msikilizaji akalisema yeye kabla yao. Na kila mara walimtoa mtu mmoja, mwenye jina lake, wakamsimamisha mbele za watu.

Mtu wake yeye alikuwa Faida. Faida alimbeba mgongoni mama yake Hashil, Bi Khole, wakati Bi Khole mtoto kule Wete. Mama yake Faida alinunuliwa. Faida mwenyewe alikwisha kuwa huru kwa karatasi siku nyingi kabla Bi Khole hajazaliwa, lakini hakuna aliyemwambia nenda, wala aliyemwuliza kama anataka kwenda, na alifia pale pale jikoni. Bwana Hashil alimwandikia kurasa mbili nzuri sana.

Bi Khole sasa alikuwa na miaka themanini na minane. Maradhi yalikwisha kumfuta Kiarabu chote alichojifunza ukubwani, akabaki na Kiswahili cha Wete peke yake. Shadya, mke wa Hashil, ni mtu wa Samail, mzaliwa wa huko huko Oman. Katika Kiswahili alijua "karibu" na "pole". Kwa hivyo walitafuta mwanamke Mswahili wa kumwangalia mama, akaletwa Mwanamvita kutoka Pangani. Bi Khole alimtazama siku ya kwanza, akamwita Faida. Wiki ya kwanza Mwanamvita alimsahihisha. Wiki ya pili akaitika.

Mkataba wake wa miaka miwili ulikwisha mwezi wa Machi. Mwezi huo huo mama yake kule Pangani alipooza upande mmoja. Mwanamvita aliomba ruhusa, akaambiwa baada ya Ramadhani. Akaomba tena, akaambiwa baada ya Idi. Mara ya tatu akaambiwa baada ya hotuba, maana wageni watakuwa wengi. Pasipoti yake ilikuwa chumbani kwa Bwana Hashil, ndani ya sefu, juu ya hati za nyumba. Sheria hairuhusu mtu kukaa na pasipoti ya mwenzake, na Bwana Hashil aliijua sheria hiyo. Alijiambia kuwa anaihifadhi.

Siku ya pili ya mazoezi sefu nayo ilifunguka. Aliikuta wazi alipoingia kubadili kanzu, na pasipoti imekaa mbele na jalada lake la buluu. Aliifunga. Siku ya tatu ilifunguka tena, na safari hii Mwanamvita alikuwa akipiga deki ukumbini, mlango wa chumba haukushindikwa. Bwana Hashil alipotokea, alimwona amesimama na fagio la maji mkononi, anaitazama sefu kama mtu anavyotazama basi ambalo si la kwake.

"Shikamoo baba," alisema.

"Marahaba. Mbuzi wamefunguka."

"Naenda kuwafunga."

Akaenda. Bwana Hashil alifunga sefu mara mbili, akavuta kishikio kuhakikisha, na uso ukampata moto. Aliona haya. Aliona haya kweli, akakaa kitandani kidogo. Halafu akafikiri: akienda huyu, nani atakayemwosha mama? Kumpata mwingine anayejua Kiswahili, mpaka vibali vitoke, ni miezi. Na mama yule mwingine, wa Pangani, ana mabinti wengine wawili huko huko. Hilo Mwanamvita alimwambia mwenyewe, na Bwana Hashil alilishika asiliachie.

Jambo jengine alilogundua ni hili. Baba yake Mwanamvita alikuwa kibarua wa kufunga marobota kwenye shamba la mkonge, na fundo lake alimfundisha binti yake. Kamba alizofunga Mwanamvita zilianza kushika. Siku ya nne mbuzi walifunguka kwa "Fungueni!" ya pili, si ya kwanza. Siku ya tano hawakufunguka kabisa. Walisimama uani wanatafuna huku kila komeo la nyumba likiruka. Bwana Hashil alidhani aya imelegea, akaiongezea vivumishi viwili.

Lakini sefu iliendelea kufunguka. Basi akawa anachukua gari, anakwenda kufanya mazoezi wadini, kwenye bonde kavu la mto, mbali na nyumba. Huko alifungua turubai la lori la majani ya mifugo na mkanda wa saa ya mchungaji mmoja. Mchungaji aliiokota saa yake, akamsalimia.

"Baba, siku hizi husomi nyumbani," Mwanamvita alimwambia siku moja akimtengea chai. "Bibi anaipenda ile sauti. Hata mimi."

"Wadini kuna hewa," alisema Bwana Hashil, akakoroga chai isiyokuwa na sukari.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Wanaume walikaa mbele na vilemba vyao vya rangi na majambia viunoni, wanawake upande wao nyuma ya pazia. Bi Khole alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na Mwanamvita nyuma yake kashika vipini. Bwana Hashil alipanda, akasalimu, akaanza kwa sauti ya chini kama alivyosoma kuwa wale wa zamani walikuwa wakianza.

"Enyi mlioketi! Nyinyi wa Wete, nyinyi wa Chake, nyinyi wa Mji Mkongwe! Nani aliyechuma karafuu zilizonukia katika nguo zenu za harusi? Nani aliyewabeba mgongoni, na mkaizoea sauti yake bila kumwuliza jina la mama yake? Mnasema, tulimlisha. Hata ndege tunduni hulishwa! Mnasema, tulimvika. Hata mto huvikwa foronya! Mnasema, alikuwa kama mtoto wetu. Mtoto gani huyo, asiyeweza kwenda kumwuguza mama yake?"

Hapo alinyamaza, akahesabu mpaka nne kimoyomoyo. Ile sentensi ya mwisho aliiandika mwezi wa Februari, kabla ya mambo yote. Alipoisikia ikitoka kinywani mwake, alitazama upande wa pazia, kisha akafungua ukurasa wa tatu.

"Fungueni! Aliyeshika kamba, na afungue. Aliyeshika ufunguo, na afungue. Na aliyeshika neno tu, neno la kesho na keshokutwa, na neno hilo limemzuia mtu, na alifungue leo!"

Vilemba mia mbili vilifunguka vichwani vikashuka mabegani. Mikanda ya majambia ilianguka sakafuni kwa kishindo kimoja. Upande wa wanawake mikufu ilichomoka, misuko ikafumuka, na nepi za watoto zikaachia, jambo lililoleta shughuli kidogo. Watu wengi walikuwa wakilia. Wanaume walisaidiana kufunga vilemba, huyu akimshikia mwenzake ncha, na Azzan, kichwa wazi, alimkumbatia Bwana Hashil akamwambia hajapata kusikia Kiswahili kama kile tangu marehemu baba yake.

Bi Khole alipiga makofi. "Faida!" alisema kwa furaha. "We Faida, ni wewe huyo unasemwa!"

"Ndiyo Bibi," alisema Mwanamvita, akamkaza kanga mabegani. Kanga ile, aliyoifunga yeye, haikuwa imefunguka.

Kesho yake, Ijumaa, Azzan alikuja kunywa kahawa na wenzake watatu ambao hawakuwahi kufika ukumbini. Mwanamvita alileta tende na halua, akasimama na dele la kahawa akingoja vikombe. Azzan alimwomba Bwana Hashil awasomee wageni ile aya. Bwana Hashil alisema karatasi ziko garini. Azzan alisema mtu kama yeye hahitaji karatasi. Mgeni akiomba kitu ndani ya nyumba yako, na umekwisha kumpa kahawa, huna pa kujificha.

Akaisema aliyokaa, kwa sauti ndogo. Haikusaidia kitu. Vilemba vinne vilishuka, pazia likatoka kwenye fimbo yake, na kutoka chumbani ukasikika mlango wa sefu ukigonga ukuta.

"Mashallah," walisema wageni, wakaanza kufunga vilemba.

Mwanamvita aliweka dele chini akaenda ndani. Bwana Hashil aliomba radhi akamfuata. Alimkuta amesimama mbele ya sefu, hakugusa kitu. Pasipoti ilikuwa pale, mkono usingehitaji hata kunyooka wote kuifikia.

"Baba," alisema, "nikiichukua, utaniripoti kuwa nimekimbia?"

Bwana Hashil alikuwa ameuliza maswali kumi na saba katika hotuba yake na hakungoja jibu la hata moja. Hili lilikuwa limesimama linangoja. Alimsikia Azzan akicheka sebuleni.

"Mama yangu hali chakula tena," alisema Mwanamvita. "Wananipigia ananitaja."

"Subiri wageni waondoke," alisema Bwana Hashil. "Tutazungumza. Si vizuri sasa, wageni wamekaa."

"Haya, baba."

Akarudi kuwamiminia kahawa. Bwana Hashil alibaki chumbani, akaifunga sefu kwa haraka kama mtu anayeiba, ingawa hakuna alichotoa. Wageni waliondoka baada ya Magharibi. Hakwenda jikoni. Mwanamvita hakuja kuuliza. Shadya alimwambia mumewe kwa Kiarabu, akikunja pazia, kuwa ama ampe yule mwanamke tikiti, ama aache kusoma hotuba ndani ya nyumba, kwa sababu yeye amechoka kutundika mapazia.

"Na mama?" aliuliza Bwana Hashil.

Shadya alikunja pazia mpaka likawa dogo.

Jumapili asubuhi simu ilitoka Pangani. Mama yake Mwanamvita alikuwa amekufa alfajiri, na wangemzika Adhuhuri. Mwanamvita alikaa kwenye kibaraza cha jikoni, simu mapajani. Bi Khole alijikokota mpaka kwake, akampapasa kichwa akimwimbia wimbo wa kubembeleza watoto, kana kwamba safari hii mtoto wa mgongoni ndiye anayembembeleza Faida. Bwana Hashil alisimama mlangoni akatoa rambirambi kwa maneno mazuri. Yalikuwa mazuri mno, na yeye mwenyewe aliyaona yakipita juu ya kichwa cha yule mwanamke bila kutua.

"Inshallah utawahi arobaini," alimalizia.

"Arobaini ni Alhamisi ile ya sita," alisema Mwanamvita. Alikuwa amekwisha kuhesabu. "Ndugu zangu wa kike wamesema watanisubiri kabla hawajagawa nguo zake."

"Inshallah," alisema Bwana Hashil, na alipolisema alijua analitumia vibaya, akaona aibu mbele ya Mungu na mbele yake.

Sifa za hotuba zikafika mji wa Sur. Waliandika barua, wakaweka ukumbi Ijumaa ya wiki ya nne. Bwana Hashil alikubali. Alijiambia kuwa akishamaliza Sur atakuwa na nafasi ya kushughulikia tikiti kwa utulivu.

Kwa kuwa kilemba chake kilikwisha kufunguka mara nyingi mpaka mikono ikachoka, Mwanamvita ndiye aliyekuwa akikifunga siku hizi. Hakumfunga kichwani, si heshima. Alikifunga juu ya sufuria ndogo ya uji wa Bi Khole, iliyokuwa kipimo cha kichwa cha Bwana Hashil sawasawa, kisha akakitoa kizima akakiweka mezani. Ijumaa ile alikifunga taratibu kuliko siku zote. Alikunja, akavuta, akapitisha ncha ndani akaikaza kwa fundo la mkonge lisiloonekana kwa nje. Bwana Hashil alikivaa juu ya kofia akajitazama kiooni. Kilikuwa kimekaa vizuri kuliko kilemba chochote alichopata kuvaa.

"Ahsante, mwanangu," alisema.

"Safari njema, baba."

Alipita njia ya Bidiya na Kamil, akafika Sur saa moja kabla. Ukumbini alizungumza kwa nguvu kuliko alivyozungumza Ibra. Alipofika kwa Faida, watu walikuwa wakilia kabla hajawaambia walie. Alisema "Fungueni!" mara tatu, na mara ya tatu watu wote waliisema naye. Vilemba mia tatu vilishuka kama majani ya mgomba yaliyochoka. Kikabaki kimoja.

Watu wakamtazama. Yeye peke yake ukumbini alikuwa na kilemba kichwani, kimekaza, hata ukunjo mmoja haujasogea. Mzee mmoja wa Sur alisimama safu ya mbele, kichwa chake kimejaa mvi, akanyoosha kidole.

"Mashallah! Tazameni," alisema. "Huyu hakumfunga mtu. Ndiyo maana kwake hakuna cha kufunguka."

Wakampigia makofi wakisimama. Bwana Hashil aliinamisha kichwa, na waliokuwa mbele walidhani ni unyenyekevu.

Alirudi nyumbani, akakaa kitandani, akajaribu kukivua kilemba. Hakikuvulika. Alitafuta ncha, hakuiona. Shadya alileta mkasi. Mkasi ulitembea juu ya kitambaa kama unatembea juu ya kioo, halafu parafujo yake ikachomoka. Bwana Hashil akalala nacho, chali. Asubuhi alitawadha akiingiza vidole chini ya kitambaa apate kupangusa kichwa. Alikwenda nacho sokoni Jumatano, akaenda nacho mazikoni kwa jirani, akaoga nacho kikadondosha maji siku nzima. Hapakuwa na aliyeuliza. Watu wa kamati walisema kilemba chake siku hizi kinapendeza.

"Aliyefunga ndiye atakayefungua," alisema Shadya siku ya tisa, akilala mgongo umemwelekea. "Mwambie tu."

"Nitamwambia."

Siku ya kumi, Jumatatu, alikwenda jikoni. Zilibaki siku tatu kufika Alhamisi ya arobaini, na ndege ya Dar es Salaam ilikuwapo kila siku. Alikuwa ameitazama kwenye simu mara nyingi, akijua hata saa yake ya kuondoka. Ufunguo wa sefu ulikuwa mfukoni mwa kanzu. Mwanamvita alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, akichambua mchele. Alipomwona, aliuweka ungo chini, akaosha mikono, akaifuta vizuri kwenye kanga, kidole kwa kidole, akasimama akingoja.

Aliitazama ile mikono. Ilikuwa tayari. Alijua kuwa ingelifungua fundo lile kwa mara moja, na alijua pia kuwa baada ya hapo wangebaki wawili pale jikoni, kichwa chake kitupu, na lile swali la mbele ya sefu katikati yao. Maneno aliyahitaji machache mno. Yote alikuwa nayo, kwa mpangilio, ukurasa wa tatu.

"Nilikuwa nataka maji," alisema.

Mwanamvita alimtazama kidogo. Kisha akafungua friji, akamjazia glasi, akampa kwa mikono miwili.

"Faida!" aliita Bi Khole kutoka uani. "We Faida! Uko wapi?"

"Labeka Bibi. Nipo."

Akatoka. Bwana Hashil aliyanywa maji yote amesimama. Kilemba kilikuwa kinambana kidogo masikioni, naye alikwisha kukizoea. Aliirudisha glasi mezani, akaenda sebuleni, akazitoa karatasi zake na penseli. Watu wa Nizwa walikuwa wamempigia asubuhi ile wakimtaka akawasomee, akawakubalia. Wamepanga iwe Alhamisi.